Chuma Hakilii Siku ya Ijumaa

Kwanza ieleweke: mimi si mtu wa hasira. Wanaosema Mbodze ana hasira ni wale wale walionikasirisha, na maneno yao msiyatie maanani. Mimi ni mwanamke wa makamo, nina tuktuk yangu mwenyewe, naiendesha mwenyewe, na Ijumaa ile nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: kumchukua babangu kliniki.

Babangu ni Mzee Ngowa, mstaafu wa reli. Macho yake yalianza kuingia ukungu kabla sijanunua tuktuk, na kila mwaka ukungu ukazidi, mpaka akawa anatutambua kwa sauti. Kwa hiyo hajawahi kuniona nikiendesha. Na kwa kuwa hajaniona, hakuamini. Alishikilia kwamba tuktuk ni ya kakangu Kahindi, kwamba Kahindi ndiye dereva, na mimi kazi yangu ni kukusanya nauli na kupiga kelele. Siku moja nilimbeba mimi kutoka kanisani mpaka nyumbani Makupa. Akashuka, akasema, "Ahsante, Kahindi."

"Baba, ni mimi niliyekuendesha."

"Wewe najua upo, nimekusikia ukigombana na watu njia nzima. Namshukuru dereva."

"Kahindi hayupo hapa, baba!"

"Yupo. Amenyamaza tu."

Jamani! Kahindi kunyamaza? Kahindi hajanyamaza tangu azaliwe. Hata akilala anazungumza. Lakini baba alikuwa ameshaamua, na baba akishaamua, basi. Niliumia, sitaki kusema uongo. Kila siku naamka kabla ya jogoo, napambana na malori Makupa na wahuni Mwembe Tayari, halafu mzazi wangu anamshukuru mtu ambaye hata baiskeli yake iliibwa kwa sababu alisahau alikoiegesha.

Basi Alhamisi alifanyiwa operesheni ya jicho la kulia kwenye kliniki moja ya macho kule Ganjoni. Akalala hukohuko, na Kahindi akabaki naye. Kitambaa kingetolewa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Na mzee, kabla hajaingizwa ndani, alisema mbele ya wauguzi wote, "Kesho ndiyo nitajua ukweli wa hiyo tuktuk. Mbodze aje anichukue, nimwone kwa jicho langu." Wauguzi wakacheka. Mimi sikucheka.

Jioni ileile, usukani ukaanza kukwama.

Si kukwama kwa kawaida. Ulikuwa unanyooka katikati na kugoma hapo. Ukitaka kukata kona haukubali, ukilazimisha unaachia ghafla na kukupeleka usikotaka. Nilimkosa mwenye mkokoteni wa maji kwa nafasi ya kidole, na maneno aliyonirudishia siwezi kuyasema hapa. Na daktari alikuwa ameshatuonya: mzee asitikiswe, asirushwe, abebwe kama yai.

Wenzangu steji waliniambia niazime tuktuk nyingine. Wana akili hao? Nyuma ya tuktuk yangu pameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, MTOTO WA NGOWA. Nilimlipa mchoraji ayaandike siku ileile niliyoinunua, na baba hajawahi kuyaona maneno hayo. Nikienda na ya mtu iliyoandikwa WIVU HAUNA DAWA, mzee si atasema, nilijua mimi? Ilikuwa lazima iwe yangu, na lazima niwe juu yake, nimeshika usukani kwa mikono yangu.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi niliikokota polepole mpaka Kibokoni, kwa Kyalo.

Kyalo ni fundi wangu. Ni Mkamba, mpole, ameishi Mji wa Kale mpaka anasalimu watu kwa urefu kuliko wenyeji. Gereji yake ni chumba kimoja chini ya nyumba kuukuu, mlango wake unatazama uchochoro, na uchochoro unateremka hadi msikitini. Jirani yake ni Khubaib, mchomeleaji wa madirisha na milango ya chuma. Mkabala nao ni Ami Muhdhar, mpishi wa halwa.

Kyalo aliugeuza usukani kushoto, akaugeuza kulia, akafumba macho akisikiliza. "Vikombe vimekwisha, mama," akasema. "Kazi ndogo. Hata chai yako haitapoa."

Hiyo chai muikumbuke.

Kwa wasiojua: shingo ya tuktuk ni bomba nene la chuma, na nguzo ya usukani hupita ndani yake. Juu ya bomba kuna kikombe kidogo cha chuma, mfano wa pete nene, chini kuna kingine, na ndani ya vikombe hivyo gololi huzunguka ili usukani uwe mwepesi. Vikombe vikilika, gololi hujichimbia vishimo na kukaa humo, hazitaki kutoka. Dawa yake ni kuvitoa vya zamani na kugongea vipya. Vipya nilikuwa navyo vya akiba, vinang'aa ndani ya karatasi yake.

Kyalo aliinua pua ya tuktuk kwa jeki, akaiweka juu ya magogo, akafungua gurudumu la mbele na foku yote inayolishika. Kikombe cha juu kilitoka kwa nyundo mbili tu. Akaniinulia nikione, ametabasamu. Nikapuliza chai.

Kikombe cha chini hakikutoka. Kilikuwa kimezama ndani ya bomba, hakina ukingo uliojitokeza hata kidogo. Kyalo alipitisha nondo kutoka juu ili akigonge kitoke chini, lakini nondo haikupata pa kushika. Ilikuwa inateleza na kugonga bomba. Akajaribu tindo, tindo ikateleza. Akageuza kichwa, akaingiza kidole, akapapasa, akatoa kidole.

"Fundi gani aliyekitia hivi?" akauliza kwa uchungu. "Watu wengine hawana utu kabisa."

"Ni wewe, Kyalo. Mwaka juzi."

Akakifuta kidole kwenye suruali. "Basi nilikitia vizuri sana," akasema.

Akaanza kugonga kwa kweli. Pale ndipo Ami Muhdhar alipotoka dukani kwake na mwiko mkononi. Ami Muhdhar hajawahi kushika spana maishani mwake, lakini hakuna kazi asiyokuwa na maoni nayo.

"Sabalkheri, mwanangu Mbodze. Baba yuwaendeleaje?"

"Sabalkheri, Ami. Hajambo, leo anafunguliwa kitambaa."

"Alhamdulillahi. Na hino tuktuk?"

"Hii ndiyo mgonjwa."

Akainama, akachungulia, mwiko umenyooka nyuma. "Kyalo babangu, wapiga nini? Kitu chapigwa tangu asubuhi, nacho chazidi kukaa. Kitie samli."

"Samli?"

"Samli ya moto. Halwa ikishika sufuria, kiiondoacho ni samli."

Nilitaka kusema neno, lakini yule ni mtu mzima, na mtu mzima hajibiwi ovyo. Akaleta samli, Kyalo akaimimina. Kikombe hakikutoka, ila paka wote wa Kibokoni walikuja. Wakaketi chini ya tuktuk yangu na kuanza kulamba.

Penye wengi pana mengi. Hamali mmoja alisimamisha mkokoteni wake akasema yafaa maji ya moto. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo dirishani juu akasema la, ni maji baridi, na kwa kuwa ndoo alikuwa nayo, akashuka nayo bila kungoja kuulizwa. Nusu ya maji ilimpata Kyalo, nusu nyingine ilinipata mimi na chai yangu. Chai ilikuwa imepoa tangu zamani.

Simu ikalia. Kahindi.

"Mbodze, uko wapi? Baba ameshakula. Anauliza nani anakuja kumchukua."

"Mwambie mimi!"

"Nimemwambia. Amecheka. Amesema, basi Kahindi, shuka ukawashe tuktuk."

Nilisikia sauti ya mzee nyuma, akieleza jambo kwa wauguzi, nao wanacheka. Moyo ukaniuma, nikahisi kulia. Nikaitukana nondo badala yake. Kyalo akafikiri anatukanwa yeye, akagonga kwa nguvu zaidi, akajipiga kidole gumba.

"Khubaib!" nikaita. "Khubaib, njoo bwana, fundi wako ameshindwa!"

"Sijashindwa," akasema Kyalo, kidole mdomoni.

Khubaib akaja akijifuta jasho. Ni kijana wa maneno machache, labda kwa sababu kazi yake ina kelele. Akalala chali juu ya katoni chini ya shingo ya tuktuk, akawafukuza paka, akamulika kwa tochi. "Hakina mdomo," akasema. "Mimi ntakitengezea mdomo. Ntachomelea mshono ndani, nizungushe wote. Kikishakuwa na mshono, nondo yako itapata pa kushika, wewe utakigonga."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la maana siku nzima. Kyalo akaondoa waya za betri, Khubaib akavuta mashine yake, akavaa kinyago, na cheche zikaanza kumwagika. Akazungusha mshono wake kwa utaratibu, chuma kikawa chekundu, samli iliyobaki ikafuka moshi, na uchochoro mzima ukanuka kama jikoni mwa harusi. Mimi nilishaishika nyundo tayari, nimempelekea Kyalo mkononi.

Hapo adhana ikaadhiniwa.

Khubaib akazima mashine. Akavua kinyago. "N'shamaliza. Lakini msikiguse mpaka tutoke," akasema, akaenda kunawa. Ami Muhdhar akafunika halwa yake, akavaa kanzu nyeupe na viatu vipya vya ngozi vya kutumbukiza, akanipitia. "Subira yavuta heri, mwanangu."

"Ngoja ngoja nayo yaumiza matumbo, Ami," nikamjibu, maana sasa nilikuwa nimefika mwisho.

Watu wakashuka uchochoro mmoja mmoja na misala yao, na msikiti ulipojaa wakaanza kutandika nje, safu baada ya safu, mpaka safu ya mwisho ikawa karibu kabisa na mlango wa gereji. Viatu vikapangwa kando ya ukuta. Pakawa kimya.

"Gonga, Kyalo," nikanong'ona.

"Hapana, mama."

"Wewe ni mtu wa kanisa la African Inland. Kinachokuzuia nini?"

"Hapa chuma hakilii siku ya Ijumaa." Akaketi juu ya ndoo na kukumbatia nyundo ili nisiichukue. "Mama, nikueleze. Nilipofungua hapa, Ijumaa ya kwanza niligonga. Sikujua. Hakuna aliyenigombeza. Walipotoka walikuja wote, mmoja mmoja, wakanisalimu. Wakaniuliza habari za mama, za baba, za shamba, za ng'ombe. Watu wote wale, kwa upole, na kila mmoja anaitazama ile nyundo. Sijawahi kuona aibu kama ile. Heri wangenipiga."

"Baba yangu ananingoja!"

"Najua, mama. Na mimi nasikitika. Lakini sigongi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Khatibu akaanza khutba, sauti yake ikija kwa kipaza sauti mpaka ndani ya gereji, na khutba ya siku hiyo, nawaapia, ilikuwa juu ya subira. Alieleza faida zake zote. Nilikaa pale nimelowa maji ya ndoo, nanuka samli, natazama ile shingo ya tuktuk iliyokuwa ikipoa taratibu, na nikawa namwona mzee akitolewa kitambaa, akitazama lango, akiona Kahindi amesimama pembeni yake na tuktuk hakuna. Atasema nini? Hatasema kitu. Atacheka tu, na hicho kicheko nitakisikia mpaka nizeeke.

Khutba ikaisha. Wakasimama kuswali. Hapo shetani akaniingia, au tuseme akili, maana hata sasa sijui ni kipi. Kyalo alikuwa amesinzia juu ya ndoo. Nikamchomoa nyundo kifuani kidogo kidogo. Nikavua leso yangu ya juu, nikaifunga kwenye kichwa cha nyundo mara mbili, ikawa nene kama bonge la ugali. Nikajiambia, nyundo ya leso hailii. Nitaigonga nondo mara moja tu. Mungu ataelewa, ni wa wote.

Nikapanda juu ya kigogo, nikapitisha nondo kwenye bomba, nikainua nyundo.

Kyalo akafumbua macho. "Mama," akanong'ona, "nakuomba."

Nami nikasita. Si kwa sababu yake. Nilisita kwa sababu wale watu walikuwa wameinama wote kwa pamoja, kimya kabisa, na mkono wangu ulikataa kushuka. Nikabaki vile, nyundo juu, leso inaning'inia, kama mtu anayetishia dari.

Ndipo nikasikia: kring.

Hakuna aliyegonga. Kikombe kilikuwa kimeanguka chenyewe. Kilishuka kutoka kwenye shingo ya tuktuk, kikapita katikati ya paka wawili, kikasimama kwa ukingo wake, kikafikiri kidogo, kisha kikaanza kubiringika kuelekea mlangoni.

Kyalo aliruka kukidaka, akateleza kwenye samli, akakaa chini. Mimi nikabaki juu ya kigogo. Kikombe kikatoka mlangoni, kikauingia uchochoro, na uchochoro, nimeshawaambia, unateremka. Kikapita pembeni ya safu ya mwisho, kikauambaa ukuta, kikipunguza mwendo kwenye kila jiwe, kikafika kwenye viatu. Kikapanda kiatu kimoja. Kikatumbukia ndani yake. Kimya.

"Kiache kikae huko," nikamnong'oneza Kyalo. "Tia kipya, haraka."

"Tunakihitaji," akasema kwa huzuni. "Kipya hakigongwi kwa nyundo moja kwa moja, kitavunjika. Kinagongewa kwa kile cha zamani, na kile cha juu ni kidogo, hakifai."

Kwa hiyo tukangoja tena, mimi na Kyalo, tumesimama mlangoni tunatazama kiatu cha mtu, mpaka swala ikaisha, watu wakatoa salamu, wakanyanyuka, wakakunja misala. Na aliyekuja kuvaa kile kiatu alikuwa nani? Ami Muhdhar. Viatu vyake vipya.

Akaingiza mguu. "Yallah!" akapiga kelele, akaruka kwa mguu mmoja. "Nge! Nge ameniingia kiatuni! Nishikeni!"

Watu kumi wakamshika. Mmoja akachukua kiatu, akakipiga ukutani ili amuue nge, na kikombe kikatoka, cheusi, kinanuka samli. Wakakitazama. Wakanitazama mimi niliyekuwa bado nimeshika nyundo iliyofungwa leso.

"Sikugonga!" nikasema. "Kyalo, waambie! Sikugonga!"

"Hakugonga," akasema Kyalo. "Alitaka, lakini hakugonga. Kimetoka chenyewe."

Khubaib alikichukua, akakigeuza, akakipima kwa kidole. Kilikuwa kimekuwa kidogo kuliko bomba lake, kinacheza. "Kumbe," akasema. "Mshono wangu ulipopoa, ulikivuta. Kimejikunja chenyewe." Akakitazama tena. "Hilo mimi sikulijua."

"Na tungekigonga kikiwa cha moto?" akauliza Kyalo.

"Kikiwa cha moto kimevimba. Ungekizika humo milele."

Wote wakanigeukia. Nikafungua leso kwenye nyundo, nikajifunga kiunoni kama kwamba ndiyo kazi yake.

Ami Muhdhar alisema ni dua yake, maana alimwombea baba katika sijida. Yule mwanamke wa dirishani akasema ni maji yake. Khubaib akasema ni moto wake, na Kyalo akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amekilegeza kwa nyundo tangu asubuhi. Mimi nikasema, "Nyote mmefanya vyema, Mungu awalipe, sasa nitilieni kipya!"

Kyalo akakipaka grisi kipya, akaweka kile kikorofi juu yake, akagonga taratibu akizunguka, safari hii bila kukizamisha. Kikakaa, na cha juu vilevile. Gololi, foku, gurudumu, nati. Nikashika usukani, nikaugeuza kwa kidole kimoja. Ulikwenda bila kugoma. Nilitaka kumkumbatia Kyalo, lakini alikuwa na samli mwili mzima.

Nilipowasha, nikahisi tuktuk inazama nyuma. Nikageuka. Ami Muhdhar ameshakaa kiti cha abiria, kanzu nyeupe, kiatu kimoja cheusi kwa masizi ya kikombe, sahani ya halwa mapajani.

"Ami, waenda wapi?"

"Kumtazama mgonjwa. Baba kafunguliwa macho, nami nimekaa? Watu watasema nini?"

Sikuwa na wakati wa kubishana. Nikaondoka. Nilipita Ganjoni kama maji, nikikata kona ambazo jana zingenitupa baharini, na Ami nyuma akisoma kila aya aliyoihifadhi.

Walikuwa wamesimama langoni, Kahindi na baba. Baba amevaa miwani nyeusi ya kliniki, amejiegemeza kwenye fimbo. Nikasimamisha mbele yao. Nikakaa wima, mikono yote miwili juu ya usukani, nikangoja. Moyo ulikuwa unanigonga kuliko nyundo ya Kyalo.

Mzee alishusha miwani kidogo. Jicho likanitazama. Likahama, likaenda nyuma, likamkuta Ami Muhdhar katika kanzu yake.

"Aa," akasema baba. "Huyo ndiye dereva."

"Mimi?" Ami Muhdhar nusura aangushe sahani. "Mzee wangu, wallahi mimi hata baiskeli siijui!"

"Sasa nani ameileta?"

"Bintiyo! Na nusura aniue!"

Baba akamtazama Kahindi. Kahindi yuko palepale, miguu yake miwili chini, na kwa mara ya kwanza maishani hana la kusema. Baba akaja karibu. Akainama kwa shida, akachungulia chini ya kiti cha abiria, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakumkuta mtu. Akainuka, akazunguka polepole, mkono wake ukifuata bodi, mpaka nyuma. Akakaa huko. Alikawia sana, na mimi sikugeuka kumtazama, niliogopa.

Akarudi mbele. Akaitazama mikono yangu, jinsi ilivyokuwa myeusi kwa grisi. Akanitazama usoni.

"Mbona umezeeka hivi?" akasema.

"Baba!"

"Nilikuacha kijana." Akavua miwani kabisa, jambo ambalo daktari alimkataza. "Lini umekuwa mtu mzima na mimi nipo?"

Nikamwambia avae miwani. Akavaa. Akamwambia Ami Muhdhar asogee, akaketi katikati, nyuma yangu kabisa, Kahindi akajibana pembeni. Nikaondoa tuktuk polepole, kama yai, nikaukwepa kila mtaro. Ami akamlisha halwa, naye akala, lakini kila nilipotazama kioo niliona ile miwani imeelekea mikononi mwangu. Hakutazama barabara. Hakutazama watu wala majumba mapya ambayo hakuwahi kuyaona. Kwenye mzunguko, lori likanibana, nikafungua mdomo nimpe dereva wake haki yake, nikasikia nyuma yangu:

"Taratibu, mamangu."

Mimi nimepewa jina la mamake, ndivyo ilivyo desturi yetu, na nilipokuwa mdogo ndivyo alivyoniita. Tangu macho yaanze kuingia ukungu hakuniita hivyo tena. Nikafunga mdomo. Lori likapita bila kutukanwa, na nadhani mpaka leo dereva wake haelewi kilichotokea.

Tukafika Makupa, mlangoni kwetu. Nikazima. Kahindi akashuka. Ami Muhdhar akaanza kusema kwamba ameacha halwa jikoni na itashika. Baba hakuinuka.

"Tumefika, baba," nikasema.

"Nani amesema tumefika?" Akagonga sakafu ya tuktuk kwa fimbo yake, mara moja. "Washa, dereva. Sijamaliza kuona."

Nikawasha, nikakata kona.